Clint Hill, mlinzi wa Jackie Kennedy: miguu ya uwanjani ilimfikisha garini, au alichelewa kama alivyojilaumu mwenyewe?

#1 Kisiki cha Mninga
Wakuu, habari za jioni.

Clint Hill alifariki tarehe 21 Februari 2025 huko Belvedere, California, akiwa na miaka 93. Jina hili wengi hawalijui ila mgongo wake wameuona. Ndiye yule mwanaume wa suti nyeusi anayelikimbilia gari la Rais Kennedy pale Dallas, 22 Novemba 1963, siku rais alipouawa kwa risasi. Analidaka kwa nyuma, anamrudisha Jackie, mke wa rais, kwenye kiti, kisha anawakinga kwa mwili wake gari likitimua kwenda hospitali ya Parkland.

Anatajwa kama afisa wa Secret Service, kikosi kinachomlinda rais wa Marekani na familia yake, na basi. Mimi nataka tumkumbuke pia kama mwanamichezo. Alicheza futiboli ya Kimarekani Concordia College, Moorhead, Minnesota, akamaliza chuo 1954, na ndoto yake ilikuwa kufundisha historia na kuwa kocha. Hoja yangu ni hii: bila ile miguu ya uwanjani, Jackie angedondoka barabarani mbele ya gari la walinzi.

Sasa mbona mtu wa namna hii aliishi akijiona ameshindwa? Mwaka 1975 kwenye kipindi cha 60 Minutes alibubujikwa machozi mbele ya mtangazaji Mike Wallace, akisema angewahi kwa nusu sekunde, au labda sekunde moja, risasi ile ingempata yeye. Alichelewa kweli? Karibuni.

#2 Ndizi Mshale
Natia kambi hapa.

#3 Fundi Saa
Mleta uzi, hesabu zipo, tusiende kwa hisia.

Filamu ya Zapruder, raia aliyerekodi tukio lile, inakwenda picha 18.3 kwa sekunde. Risasi ya kichwani ni picha ya 313. Hill anashika kishikio cha nyuma ya gari kwenye picha ya 343, yaani sekunde 1.6 baadaye. Mguu mmoja unakanyaga bampa picha ya 368, sekunde 3 baadaye. Miguu yote miwili iko juu picha ya 381, sekunde 3.7. Hayo ni ya Tume ya Warren, iliyochunguza mauaji yale.

Ili mwili wake umzibe rais ilibidi awe ameshapanda juu ya buti KABLA ya picha ya 313. Kwa hiyo alihitaji kuwahi kwa karibu sekunde 4. Ile nusu sekunde aliyojihukumu nayo miaka yote isingebadilisha kitu. Na tume hiyo hiyo inasema kati ya risasi iliyompata rais shingoni na ile ya kichwani zilipita sekunde 4.8 hadi 5.6. Ndani ya muda huo asikie, ageuke, aone, aelewe, ashuke kwenye gari linalotembea, akimbie, apande. Hakuna chuo kinachotoa mchezaji wa hivyo.

#4 Mpini wa Jembe
#3 umeua uzi mapema hivi? Sisi tulikuja na kahawa.

#5 Askari wa Lindo
Sijakubaliana na #1 wala #3.

Nilifanya kazi ya misafara kabla ya kustaafu (sio Marekani, hapa hapa kwetu). Mbio ni sehemu ndogo sana ya ile kazi. Ukiwa pembeni ya gari mkono mmoja uko karibu na ubavu wake, koti halifungwi vifungo, shati limelowa mgongoni, na macho yanatazama mikono ya watu kwa sababu silaha inatoka mkononi. Ukisikia mlio, mwili unataka kugeukia mlio. Kazi inataka ugeukie mtu unayemlinda. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Hill alisimama kwenye kikanyagio cha kushoto, mbele, cha gari la walinzi lililofuata la rais. Kushoto kwa sababu Jackie alikaa kushoto. Alikuwa akitazama nyasi za upande wake, mlio ukatoka kulia nyuma, na katika kugeuka macho yake yakapita juu ya gari la rais. Akamwona Kennedy anajishika na kuinamia kushoto. Angekuwa kikanyagio cha upande wa pili, macho yangekwenda moja kwa moja nyuma kwenye majengo. John Ready wa upande wa kulia alianza kushuka akaitwa arudi.

Kwa hiyo mimi nasema ni nafasi aliyosimama. Miguu ilikuja baadaye.

#6 Kisiki cha Mninga
Mzee wangu #5, shikamoo. Lakini hukugusa kuteleza. Hill alipofika mara ya kwanza alishika kishikio, dereva akaongeza mwendo, mguu ukakosa bampa, ikabidi aendelee kukimbia huku ameshikilia ndipo akajivuta juu. Nafasi ilimfanya aone, nakubali. Kilichomvuta juu ya gari linaloongeza kasi ni kitu kingine.

#7 Askari wa Lindo
Marahaba. Gari lilikuwa kwenye kilomita 18 hivi kwa saa, mwendo ambao kijana mwenye pumzi anaupata. Lile la kuteleza na kujivuta nakuachia.

#8 Mama wa Chumbageni
Naomba kusahihisha jambo moja kabla halijazoeleka. Hill hakuwa mlinzi wa Kennedy, alikuwa wa mke wa Kennedy. Mwaka 1959 alikuwa Ikulu na Rais Eisenhower, na uchaguzi wa 1960 ulipopita wakampanga kwa Jackie. Mwenyewe alisema hakufurahi, aliona atashinda kwenye maonyesho ya mitindo na vikao vya chai wakati wenzake wako na rais.

Badala yake akazunguka naye dunia: Ugiriki, India na Pakistan mwaka 1962, Italia, tena Ugiriki na Morocco Oktoba 1963. Miaka yote hiyo alimwita "Mrs. Kennedy" na yeye akamwita "Mr. Hill". Na Agosti 1963 alikuwapo familia ilipompoteza mtoto Patrick, aliyeishi siku mbili.

Kwa hiyo swali la "kwa nini alikimbia yeye" mnalitafuta mbali. Alikimbia kwa sababu aliyekuwa kwenye gari lile ni mama aliyemlinda miaka mitatu. Wengine walikuwa na rais wa kumlinda. Yeye alikuwa na mtu anayemjua.

#9 Kipepeo cha Usambara
Nakazia #8.

Halafu kuna hili ambalo halijawahi kuisha: Jackie alipanda kwenye buti kufanya nini? Hill alisema alikuwa anafuata kipande cha kichwa cha mumewe. Wengine wanasema alikuwa anakimbia risasi, na mtu yeyote angekimbia. Wengine wanasema alikuwa anamvuta Hill apande. Jackie mwenyewe aliiambia Tume ya Warren, Juni 1964, kwamba hakumbuki kabisa kupanda kule nyuma.

#10 Mpini wa Jembe
Kumvuta Hill hapana. Ukitazama picha pole pole anakwenda kabla Hill hajafika.

#11 Kipepeo cha Usambara
Picha inaonyesha mkono unakwenda wapi. Haionyeshi moyo unataka nini. Mimi nasimama na Hill, alikuwa karibu kuliko sisi sote.

#12 Mkazi wa Mto Mwekundu
Wadau, mimi ni wa Bukavu, sasa niko Fargo, North Dakota. Ukivuka daraja la Red River uko Moorhead. Concordia naipita kwenda kazini.

Ni chuo cha Walutheri, sio kikubwa. Uwanja wao si ule wa televisheni wa watu laki moja. Wanaofika ni wazazi, wanafunzi na wazee wa mtaa wenye blanketi magotini, na kufikia mwezi wa kumi na moja baridi inakuwa ya kukata masikio. Anayecheza pale hachezi kwa kutafuta pesa. #1 umemwita mwanamichezo wa chuo kana kwamba ni nyota. Huku mwanamichezo wa chuo kama hiki ni kijana wa kijijini anayecheza Jumamosi na Jumatatu yuko darasani.

Na Hill ana historia na mji huu zaidi ya mpira. Alizaliwa Larimore mwaka 1932, akaachwa kwenye nyumba ya watoto hapa Fargo, akachukuliwa na familia ya Hill ya Washburn akiwa mchanga. Mimi naona mtu aliyepewa familia na watu wasio damu yake anajua maana ya kumwekea mwenzio mwili. Hiyo ndiyo maelezo yangu.

#13 Fundi Saa
Ndugu yangu wa Fargo, hilo la kulelewa linagusa ila halithibitiki. Wapo walinzi wengi waliozaliwa na kulelewa na wazazi wao na wangefanya vile vile.

#14 Mkazi wa Mto Mwekundu
Sikusema linathibitika. Nimesema naliona.

#15 Kaka Mkubwa wa Kariakoo
Mnazungumzia miguu na moyo, swali kubwa mmeliacha. Kwa nini hapakuwa na mlinzi JUU ya gari la rais? Lile Lincoln lilikuwa na vikanyagio vya nyuma na vishikio, kazi yake ni hiyo. Angekuwapo mtu pale, hesabu za #3 hazihitajiki.

Simulizi ya walinzi wenyewe ni kwamba siku nne kabla, Tampa, Kennedy alisema hataki watu wamsimamie nyuma, anataka wananchi wamwone. Uchaguzi wa 1964 ulikuwa unakuja. Wapo watafiti wanaopinga, wanasema amri hiyo walinzi walimwekea marehemu mdomoni ili wao wapone. Marehemu hajibu.

#16 Askari wa Lindo
Kiongozi akisema anataka kuonekana, unarudi nyuma hatua moja huku roho inakuuma. Hilo nimeliishi. Sina shida kuamini ya Tampa.

Ila ongeza hili: siku ile ile ya Dallas, kwenye barabara ya Main, Hill alipanda kile kikanyagio cha nyuma mara kadhaa watu walipobanana na pikipiki za kushoto kushindwa kukaa sambamba. Picha zipo. Walipofika Dealey Plaza, pale rais alipopigwa risasi, watu walishapungua, akawa amerudi gari la nyuma. Kwa hiyo amri, kama ilikuwapo, yeye aliivunja pale kazi ilipomtaka.

#17 Ndizi Mshale
Nilitia kambi kimya lakini hili liwekwe wazi. Usiku wa kuamkia siku ile, kule Fort Worth, baadhi ya maafisa walitoka kwenda klabu hadi usiku mkubwa, Hill akiwa mmoja wao. Tume ya Warren iliandika. Kwa nini hamsemi?

#18 Fundi Saa
Tume iliandika pia kwamba hakuna ushahidi kuwa kutoka kule kulifanya mtu yeyote ashindwe kazi yake. Ukinukuu, nukuu yote. Na aliyekimbia kuliko wote ni mmoja wa hao hao.

#19 Ndizi Mshale
Usingizi mdogo unapunguza wepesi wa kuelewa mlio. Dereva wa basi la mkoani anajua.

#20 Fundi Saa
Sawa, lakini sekunde 4 zile hazitoki kwenye usingizi.

#21 Omondi wa Ziwani
Wadau, hamjambo. Kennedy na sisi Wakenya tuna yetu. Julai 1960 Tom Mboya alimfuata nyumbani kwao Hyannis Port, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 za ndege za wanafunzi wetu kwenda kusoma Marekani. Hyannis Port hiyo hiyo ndiko Hill alikolinda familia kila kiangazi. Dallas ilipotokea sisi tulikuwa siku 20 kabla ya uhuru, na wazee wangu wanasema nyumba zilizokuwa na kijana Marekani zililia kana kwamba msiba ni wa boma.

Mboya naye alipigwa risasi Nairobi, 5 Julai 1969, akitoka dukani, mchana wa Jumamosi. Huwa najiuliza, angekuwa na Hill wake?

#22 Kaka Mkubwa wa Kariakoo
Pole ndugu. Na Nyerere alikuwa Washington kwa Kennedy Julai 1963, miezi minne kabla. Ila la Mboya fungua uzi wake, hapa litameza kila kitu.

#23 Sista Upendo
Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nimesoma uzi wote.

Mnabishana sekunde, na yeye mwenyewe alikwama kwenye sekunde. Mtu aliyenusurika anatafuta kosa lake kwa sababu kosa ni jambo analoweza kulishika. Ukimwambia "hukuwa na la kufanya" unampokonya hata hicho kidogo, ndiyo maana maneno hayo hayaponyi.

Tazameni alivyofanyiwa. Parkland alilivua koti lake kumfunika rais. Akazungumza na Robert Kennedy, mdogo wa rais, kwa simu, akatafuta jeneza, usiku akaitwa kutazama majeraha kwenye uchunguzi wa maiti ili awe shahidi. Siku chache baadaye yuko kwenye mazishi, kazini. Mwanzoni mwa Desemba anapewa nishani ya ushujaa, Jackie yupo. Kisha anaendelea na Jackie na watoto hadi baada ya uchaguzi wa 1964, halafu Rais Johnson, halafu Makamu wa Rais Agnew, halafu cheo cha juu makao makuu. Hakuna aliyemketisha chini. Kiwewe cha namna ile kilikuja kuorodheshwa rasmi kama ugonjwa na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, naye alishastaafishwa 1975 akiwa na miaka 43, kwa ushauri wa madaktari.

Baada ya hapo alijifungia chumba cha chini cha nyumba yake na pombe na sigara, mpaka 1982 daktari alipomwambia abadilike au afe. Akaacha.

Kwangu swali la kuchelewa linawahusu waliomwajiri.

#24 Askari wa Lindo
Dada, nimesoma mara mbili.

Nilikuwa na mwenzangu ambaye msafara wetu ulipata ajali, raia wakafa. Jumatatu alipangiwa zamu kama kawaida. Hatukumuuliza kitu, tulidhani kutomuuliza ndio heshima. Miaka ikapita, akiwa nyumbani kwangu anakula ugali, akaweka tonge chini akaniambia namba ya lile gari la raia. Namba kamili, herufi kwa herufi. Aliendelea kuijua hadi anafariki.

#25 Mama wa Chumbageni
Poleni sana kaka.

#26 Msomaji wa Usiku
Nimechelewa kufika. Kuhusu milio: mbele ya Tume ya Warren, Machi 1964, Hill alisema alisikia miwili, wa pili ukiwa na sauti tofauti na wa kwanza. Mashahidi wengi wanasema mitatu. Na kamati ya Baraza la Wawakilishi mwaka 1979 ikasema huenda kulikuwa na mpigaji wa pili. Mnalionaje?

#27 Fundi Saa
Ushahidi wa sauti ulioibeba kamati ile ulichambuliwa na kukataliwa na jopo la wanasayansi mwaka 1982. Na Hill alikuwa anakimbia katikati ya pikipiki zinazonguruma, sio ajabu mlio mmoja kumpita. Yeye mwenyewe hadi mwisho alisema mpigaji alikuwa mmoja, Oswald aliyeshutumiwa kwa mauaji yale.

#28 Msomaji wa Usiku
Jopo la wanasayansi nalo ni watu. Mimi sijaridhika.

#29 Mpini wa Jembe
Nilijua tu tutafika kwa mpigaji wa pili. Kahawa imeisha, naweka chai.

#30 Kisiki cha Mninga
Nashukuru wote. #23 amenifanya niutazame uzi wangu upya, ila hoja ya uwanjani bado naishikilia, na sasa naiona pande mbili. Uwanja unakufundisha kujituma, na unakufundisha pia kwamba mchezo ukipotea kuna aliyekosea. Jumapili kocha anarudia picha za mechi na kila mmoja anaonyeshwa hatua aliyochelewa. Kijana aliyelelewa na mafunzo hayo, halafu akapewa filamu ya Zapruder inayorudiwa dunia nzima, atafanya nini kama sio kutafuta hatua yake?

Ila 1990 alirudi Dealey Plaza. Akatembea mtaa wa Elm, akapanda ghorofa ya sita ya jengo risasi zilikotoka, akatazama pembe na umbali, akatoka akisema siku ile hakuwa na lingine la kufanya. Naona pale alipata nafuu.

#31 Sista Upendo
Nafuu ndiyo. Kupona sijui. Miaka mingi baadaye, ameshaandika vitabu, amepewa tuzo ya jimbo lake la North Dakota mwaka 2018, bado kwenye mahojiano sauti ilimkatika pale pale.

#32 Kaka Mkubwa wa Kariakoo
Au alirudishwa pale pale. Kila Novemba wanamwita wanamuuliza swali lile lile, wanamwonyesha picha ile ile. Nani angepona?

#33 Kipepeo cha Usambara
Hapo nakupinga. Kwa miaka mingi hakuzungumza na ndio iliyokuwa miaka ya chumba cha chini. Alipoanza kuandika na kusimulia ndipo akaonekana mtu tena. Akaoa tena 2021, mwandishi mwenzake Lisa McCubbin, na mwaka uliofuata wakatoa kitabu cha safari zake na Jackie. Kusimulia kulimsaidia.

#34 Askari wa Lindo
Inategemea anayesikiliza ni nani. Kamera sio mwenzio.

#35 Mkazi wa Mto Mwekundu
Nimeongea na kijana mmoja wa Concordia kazini, anacheza mpira pale pale. Nikamuuliza kama anamjua Clint Hill. Anamjua, akaniambia filamu ameiona mara nyingi. Nikamtupia hoja ya #1. Akasema anayecheza ulinzi anafundishwa kukimbilia pale mtu atakapokuwa, sio alipo, na Hill alikimbia hivyo hivyo.

#36 Fundi Saa
Gari lilikuwa linakwenda mbele yake kwenye mstari mmoja, huwezi kukimbilia pengine. Mwambie kijana arudie filamu kuanzia picha ya 330.

#37 Kisiki cha Mninga
Mwambie asirudie! Jibu lake linanifaa sana.

#38 Omondi wa Ziwani
Wadau, uzi wa Mboya nimeufungua. Askari wa Lindo, nakusubiri kule, nina swali kuhusu mlinzi kubaki nje ya duka.